Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupunguza Ulaji wa Mafuta kwa Magari ya Foo-Wili ya Zamani, Njia ya Tabora–Kigoma

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoendesha Land Cruiser mkonga (zenye bomba la kuvutia hewa lililoinuka kando ya kioo), Prado za zamani, Land Rover 110, Hilux, Patrol na Escudo kati ya Tabora na Kigoma. Mengine niliulizwa gerejini, mengine sheli, mengine kando ya barabara boneti likiwa wazi. Majibu yanahusu safari ndefu ya lami. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Fuata namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Gari langu linapaswa kwenda kilomita ngapi kwa lita?

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ (dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina tabo ya kusukumia hewa) ikiwa nzima, haina mzigo mkubwa na inakwenda kilomita 80 hadi 90 kwa saa, inapaswa kukupa kilomita 8 hadi 9 kwa lita. Ikiwa na keria na mzigo, 7 si aibu. Ikishuka chini ya 6.5 kwenye lami, kuna kitu kinadai kutazamwa. Land Rover yenye 300Tdi na Hilux za dizeli za lita 2.8 au 3.0 hufika 10, wakati mwingine 11. Land Cruiser ya petroli ya lita 4.5 ikikupa 6, shukuru.

Ukirekebisha yote yaliyoelezwa hapa, tarajia nyongeza ya kilomita 1 hadi 2 kwa lita. Inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400. Gari la 7 kwa lita litakunywa lita 57. La 9 kwa lita litakunywa 44. Hizo ni lita 13 kwa kwenda tu. Kigoma iko mbali na bandari ya Dar es Salaam, na bei kikomo za EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za mafuta) zinazotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hulionyesha hilo.

2. Nitapimaje ulaji bila kujidanganya?

Achana na mshale wa dashibodi. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, weka tripu sifuri, safiri angalau kilomita 300, kisha jaza tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Rudia mara tatu kabla ya kuamini namba. Mtu anayeweka mafuta ya elfu hamsini leo na ya elfu thelathini kesho hawezi kujua gari lake linakula nini. Anachojua ni pesa kiasi gani zimemtoka.

Katika njia yetu kuna mtego. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ufukwe wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma uko kama mita 770. Ukienda Kigoma jumla unashuka, ukirudi unapanda. Tena kiangazi upepo mwingi hutoka mashariki: unakusukuma ukienda na kukukabili ukirudi. Kwa hiyo pima kwenda na kurudi, ndipo uchukue wastani. Nimewaona watu wakisifia dawa ya mafuta waliyoimimina Tabora, kumbe wamesifia mteremko.

Uwe na daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, lita, mzigo, na kama kulikuwa na kitu juu ya keria. Baada ya miezi sita daftari hilo litakusaidia kuliko fundi yeyote.

3. Kwa nini magari haya yanakula hivyo hata yakiwa mazima?

Kwa sababu ni sanduku refu lenye tani mbili na nusu. Ukikaribia 80, nguvu ya injini inagawanyika karibu nusu kwa nusu: nusu inasukuma hewa iliyo mbele ya kioo, nusu inaviringisha tairi chini ya uzito. Uso wa Land Rover 110 unaipasua hewa vibaya karibu mara mbili ya gari dogo la kisasa, na umbo hilo hulibadilishi. Unachoweza kubadilisha ni kasi, uzito, tairi, vitu ulivyoning'iniza nje, na uzima wa injini.

## Mguu wa dereva na barabara

4. Mwendo gani una nafuu zaidi?

Kati ya 80 na 90. Hili lina uzito kuliko yote yanayofuata, na halina gharama.

Upinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na kasi. Unaongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka 80 kwenda 100 kasi imeongezeka kwa robo, lakini hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 56. Kwa gari lenye umbo la kabati hiyo ni dizeli inayoteketea. Na muda unaookoa? Katika kilomita 100 za lami iliyonyooka, kutoka 85 hadi 100 unaokoa kama dakika 10, na matuta ya kijiji kinachofuata yatakudai sehemu yake.

5. Niweke gia ya tano mapema iwezekanavyo?

Weka mapema, ila usiilazimishe. Injini ya 1HZ ina msokoto wake mkubwa (nguvu ya kuzungusha) kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, na kwa gia ya tano na tairi za kawaida hiyo ni karibu 90 kwa saa. Ndiyo maana gari linatulia pale. Ukiwa gia ya tano kwa 50 huku unapanda, injini inanguruma kwa uchungu na moshi mweusi unatoka: hapo unamwaga dizeli isiyoungua. Rudi gia ya nne.

6. Matuta ya vijijini yanakula mafuta kweli?

Yanakula, na unaweza kupiga hesabu. Gari la tani 2.5 likiwa kwenye 80 limebeba nguvu ya mwendo ambayo, ukiishusha kwa breki hadi 20 kisha ukairudisha kwa injini, inagharimu dizeli karibu lita 0.06. Makundi 15 ya matuta ni karibu lita nzima. Huwezi kuyakwepa, na ndani ya makazi sheria inataka 50 vilevile. Ila kuna madereva wawili: mmoja anakanyaga mafuta mpaka mita 50 kabla ya tuta kisha anabana breki, mwingine akiona tu kibao cha kijiji anaachia mguu na gari linajiviringisha lenyewe kwenye gia. Wa pili ameendesha mita mia tatu bure, na pedi zake zinadumu.

7. Nikipiga nyutro mteremkoni naokoa?

Hapana, na usifanye. Ukiachia mguu huku gia imeingia, gavana (kidhibiti mafuta) ya pampu ya dizeli inakata mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye petroli ya EFI kompyuta inafanya vivyo hivyo. Ukitoa gia, injini inabaki peke yake na lazima ilishwe ili isizime. Watu wanaamini nyutro kwa sababu gari linaserereka mbali zaidi kwenye mteremko mdogo, na hilo ni kweli. Lakini kwenye milima ya Kasulu, ukiwa na mzigo na breki zimepata moto, kukosa gia ni kukosa uhai. Lita hazilipi hilo.

8. AC au madirisha wazi?

Kwa gari la umbo hili tofauti ni ndogo. Chini ya 60 fungua madirisha. Barabara kuu funga na uwashe AC ukihitaji. Dereva aliyechoka kwa joto huendesha ovyo, na mguu wake unakula kuliko kompresa.

9. Nikisimama kula, nizime injini?

Zima. Dizeli kubwa ikinguruma tu inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kama ina tabo na umetoka mwendo mkali, iache dakika moja au mbili ipoe, kisha zima.

## Tairi, paa na mzigo

10. Niweke upepo kiasi gani?

Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango au kitabu cha gari. Namba ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazifanani, na ya nyuma hupanda kadiri ya mzigo. Pima tairi zikiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka.

Kosa la huku kwetu ni la msimu. Kuanzia Novemba hadi Aprili watu wanapunguza upepo ili wapite kwenye tope, halafu wanarudi kwenye lami na tairi zilezile laini kwa wiki tatu. Tairi laini inajikunja na kupata moto, na moto huo umeununua sheli. Mbaya zaidi, hupasuka. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri na geji yako mwenyewe. Geji za mitaani nyingi zinadanganya.

11. Tairi za matope zinaongeza ulaji?

Ndiyo, na utazisikia zikilia. Meno makubwa yanajikunja kila mzunguko, na tairi yenyewe ni nzito. Kama safari zako nyingi ni Tabora, Urambo, Kaliua na kuendelea, na porini unaingia mara moja kwa mwezi, chukua tairi za kati zinazofaa lami na vumbi. Mtu wa misitu ya Sikonge anayeishi kwenye njia za magogo ana hesabu nyingine.

12. Nimeweka tairi kubwa na ulaji umepanda. Ni kweli au ni mita?

Ni vyote viwili, na swali hili nalipenda kwa sababu wachache wanalijua. Tairi ya 265/75R16 ina kipenyo cha milimita 804 hivi. 285/75R16 ina 834. Gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini mita ya gari inahesabu mizunguko ikidhani tairi ni ileile ya zamani. Kwa hiyo umekwenda kilomita 104, mita inaandika 100. Kabla ya kulaumu injini, zidisha kilomita zako kwa 1.037. Ukiwa na shaka, linganisha mita na GPS ya simu kwa kilomita 50.

Baada ya sahihisho hilo, kilichobaki ni ulaji wa kweli: tairi pana, nzito, na gia zilizokuwa ndefu kupita nguvu ya injini. Na kumbuka spidi: mshale ukisema 80, uko 83.

13. Keria tupu ina madhara?

Ina madhara, hata ikiwa tupu. Vipimo vya serikali ya Marekani kwa magari ya kawaida vilionyesha kwamba sanduku kubwa la paani hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Keria yetu ya mabomba, ikiwa na tairi ya akiba iliyolala, madumu mawili yamesimama na turubai linalopigapiga, haiko nyuma ya sanduku hilo.

Kama keria yako imefungwa kwa nati, ifungue usipoihitaji. Ni kazi ya nusu saa ya watu wawili. Kama lazima ibaki, vitu vilale chini na turubai likazwe lisivimbe. Tairi ya akiba irudi kwenye mlango wa nyuma au chini ya gari.

14. Uzito unahesabika kweli kwa gari kubwa hivi?

Kwenye lami tambarare kidogo. Kwenye milima na matuta sana. Tatizo ni kwamba watu hawajui wamebeba nini. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20. Ya mawese ni kilo 18. Ya asali ni kilo 28, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Ukitoka Tabora na ndoo kumi za asali, umebeba watu wanne wazima ambao hawakuonekana kwenye viti. Sisemi usibebe asali. Nasema usishangae, na ongeza upepo wa nyuma (swali la 10).

Vitu vya kushusha ni vile ulivyosahau: bampa la chuma la pili, winchi isiyofanya kazi, jeki tatu, minyororo, spea za gari ulilouza.

15. Foo-wili na habu niziache vipi kwenye lami?

Kwa Land Cruiser za mkonga zenye habu za kuzungusha kwa mkono, lami kavu ni H2 (magurudumu ya nyuma tu yanasukuma) na habu ziwe FREE (zimeachiwa). Habu zikiwa LOCK (zimefungwa), ekseli ya mbele, difu na propela vinazunguka bure. Mafuta yanayookolewa si mengi, lakini uchakavu unapungua. Mara moja kwa mwezi zifunge, uendeshe kilomita chache za vumbi ili oili izunguke. Kamwe usiende na H4 (yote manne yanasukuma) kwenye lami kavu. Tairi na gia zinabishana, na mwisho kitu kinakatika.

Land Rover 110 na Prado nyingi za zamani zinasukuma magurudumu yote manne muda wote, na ndivyo zilivyoundwa. Kwako wewe la kuangalia ni moja: loki ya difu ya kati iwe imetoka.

## Injini na viungo vyake

16. Fundi alitoa themostati ili gari lisichemke. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na kama ningepewa nafasi ya kubadilisha desturi moja ya gereji zetu, ningebadilisha hii.

Themostati ni mlango wa maji. Unakaa umefungwa mpaka maji yafike kama nyuzi 80, kisha unafunguka kidogo kidogo na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta. Ukiutoa, maji yanazunguka tangu sekunde ya kwanza. Asubuhi ya mwezi wa sita ukipita Urambo na baridi ile, ukiwa kwenye 80 na upepo wote unapiga rejeta, injini haifiki joto lake hata baada ya saa nzima. Dizeli inaungua nusunusu, oili inabaki nzito, silinda zinalika. Kwenye petroli ya EFI ni vibaya zaidi: sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, nayo inaendelea kuongeza petroli kana kwamba umewasha gari sasa hivi.

Langu lilitolewa katika gereji moja bila mimi kuulizwa. Kwa miezi kadhaa mshale wa joto ulilala chini na mimi nikajisifu kwamba gari halichemki. Daftari lilinifungua macho: 7.6 kwa lita. Niliporudisha themostati mpya, bila kugusa kitu kingine, likarudi 8.3. Spea hiyo ni ndogo kuliko kiganja.

Kama gari linachemka, ugonjwa uko kwingine: rejeta imeziba, kifuniko chake hakishiki, feni imechoka, au gasketi imeungua. Tibu hapo. Kuipima themostati ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Maji yakikaribia kuchemka lazima ifunguke, yakipoa ijifunge. Wakati wa kuifunga, kijitundu cha kutolea hewa kikae juu.

17. Moshi unaniambia nini kuhusu ulaji?

Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo: ea klina imeziba, nozeli zinadondosha badala ya kupuliza ukungu, au pampu imefunguliwa kupita kiasi. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto mara nyingi ni taimingi ya pampu iliyochelewa au nozeli mbovu. Wa bluu ni oili, na huo ni ugonjwa wa pete au valvu.

Kuna jambo la mwinuko hapa. Kwenye mita 1,200 za Tabora hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo iliyosetiwa pampu pale pwani, ikifika huku inapata dizeli ileile kwa hewa pungufu, na tofauti inatoka nyuma kama masizi. Mwambie fundi wa pampu gari linaishi wapi. Na usikubali pampu ifunguliwe kwa bisibisi kando ya barabara "ili liwe na nguvu". Nozeli na pampu zipimwe kwenye mashine.

18. Ea klina na mkonga vinasaidia?

Ea klina iliyoziba huongeza ulaji kwa dizeli na kwa kabureta. Kwa EFI huiba nguvu zaidi kuliko mafuta. Njia ya vumbi ikiwa sehemu ya safari, ifungue kila ukifika, uipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Usiigongegonge kwenye tairi. Inapasuka usipoona, na vumbi likiingia silinda ni kaburi la injini.

Mkonga wenyewe hauokoi mafuta. Unachofanya ni kuvuta hewa ya juu isiyo na vumbi jingi, na ea klina ikadumu.

19. Injini imeangaliwa na ni nzima, lakini ulaji uko palepale. Nitazame wapi?

Tazama kinachoizuia. Endesha kilomita 10 bila kubana breki sana, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Ile yenye moto kuliko wenzake ina breki inayoshika au beringi iliyokazwa mno. Inua kila gurudumu kwa jeki, ulizungushe kwa mkono. Breki ya mkono nayo hung'ang'ania, hasa baada ya tope kukauka.

Kisha klachi ya feni. Ukisikia mvumo kama wa ndege kila unapokanyaga mafuta, hata injini ikiwa baridi, feni imeganda na inakula nguvu safari nzima. Halafu wili alaimenti: tairi zikilika upande mmoja, unaziburuta.

20. Langu ni la petroli. Kuna tofauti?

Plagi, sensa ya oksijeni na sensa ya joto la maji ndizo zinazoanza. Sensa ya joto ikifa, matokeo ni yaleyale ya swali la 16. Taa ya injini ikiwaka, isomwe kwa mashine. Kuitoa balbu si matibabu. Kwa kabureta, hakikisha choki inafunguka yote na boya halijazidi.

21. Oili nzito inalinda injini ya zamani?

Tumia ile ya kitabu. Kwa dizeli nyingi za aina hii ni 15W-40. Nzito kupita hiyo inaongeza msuguano bila kuponya kitu.

## Mafuta yenyewe

22. Kujaza asubuhi kukiwa na baridi kunaongeza lita?

Hapana. Tangi la sheli liko chini ya ardhi, na joto la huko halibadiliki asubuhi na mchana.

23. Nikichanganya mafuta ya taa?

Usichanganye. Pampu ya injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe; mafuta ya taa ni makavu, na yanaitafuna. Tena ni uchakachuaji, na vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta viko kwa ajili ya kuukamata. Vilevile epuka dizeli ya madumu barabarani, na uwe na mazoea ya kumwaga maji kwenye chujio la dizeli.

24. Kigoma mawese ni mengi. Siwezi kuyatia kwenye tangi?

Swali la akili, na halikuanza leo: mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Dizeli ya 1HZ itawaka kwa mawese yaliyochujwa na kupashwa moto. Tatizo ni yakipoa. Unayajua mawese ya jikoni asubuhi: yameganda. Yatagandia kwenye chujio, na yale mazito yanayopita hayapulizwi vizuri na nozeli, yanaacha masizi magumu kwenye pete na valvu.

Biodizeli ni kitu kingine. Ni mafuta ya mimea yaliyobadilishwa kwa kemikali mpaka yakawa mepesi. Mawese ya sokoni hayajapitia hatua hiyo. Bei ya pampu moja mpya itameza akiba ya miaka. Mawese yabaki kwenye dagaa.

25. Vidonge, sumaku na chupa za kuongeza kilomita?

Sijaona hata kimoja kilichobadilisha namba za daftari. Pesa hiyo nunua themostati na geji ya tairi.

26. Nijaze madumu Tabora niende nayo Kigoma?

Linganisha kwanza bei kikomo za miji yote miwili. Jaza tangi lako kamili, hapo inatosha. Dumu la lita 20 la dizeli ni kilo 17, likikaa kwenye keria linakula sehemu ya faida yake (swali la 13), na petroli ndani ya gari lenye watu ni hatari isiyo na mjadala.

## Hali za pekee

27. Lilikuwa 8 kwa lita, ghafla limekuwa 6. Nianzie wapi?

Neno la kushika ni "ghafla". Uchakavu huja polepole. Kilichokuja ghafla kina tarehe. Uliza nini kilifanyika wiki ile: tairi mpya, pampu kufunguliwa, themostati kutolewa, mkanda wa taimingi kubadilishwa na kuwekwa jino moja pembeni, dereva mpya. Kama hakuna kilichoguswa, nusa chini ya gari: mpira wa kurudishia dizeli unaovuja hutiririka ukiwa safarini na kukauka ukisimama. Kisha fuata swali la 19, halafu la 17.

28. Land Cruiser yangu ina matangi mawili. Napimaje?

Safiri kwa tangi moja tu kuanzia kujaza hadi kujaza. Injini hurudisha dizeli isiyotumika, na swichi ya matangi inabadilisha njia ya kunyonya na ya kurudisha kwa pamoja. Upande mmoja wa valvu ukiganda, gari linanyonya tangi kuu na kurudisha la akiba. Utaona tangi kuu linaisha kwa kasi ya kutisha. Dalili yake ni tangi la akiba linalojaa bila kujazwa. Pima jumla ya matangi yote mawili kabla hujafungua injini ya watu.

29. Nikifunga tabo kwenye 1HZ nitaokoa?

Utapata nguvu ya kupanda Kasulu na mzigo. Akiba utaiona tu ukiendesha kama zamani, na karibu hakuna anayefunga tabo ili aendeshe kama zamani. Injini hii haikuundwa kwa joto lile. Ikifunguliwa dizeli bila kupimwa, pistoni na silinda hedi hupasuka. Ukiamua, funga geji ya joto la ekzosi kwanza, na uiheshimu.

30. Nibadilishe injini ya petroli ya lita 4.5 niweke dizeli?

Chukua daftari lako. Piga hesabu ya kilomita unazokwenda kwa mwaka, gawanya kwa 6 (petroli), kisha gawanya kilomita zilezile kwa 8.5 (dizeli), utoe jibu la pili kwenye la kwanza. Tofauti ndiyo lita utakazookoa. Kwa mtu wa kilomita 30,000 kwa mwaka ni karibu lita 1,470, na injini iliyotumika pamoja na kazi inaweza kujilipa. Kwa mtu wa kilomita 8,000 ni kama lita 390; hatajilipa kabla gari halijachoka kabisa.

Kuna gharama watu huisahau: mapau ya injini, gia, nyaya, rejeta, na kadi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko lazima yaandikishwe TRA. Chukua hati ya ununuzi ya injini siku hiyohiyo unayolipa, kabla muuzaji hajabadili laini ya simu.